Je, Wajua? Wacheka na Nyavu Waliogeuka Makocha

Je, wajua kuwa kuna fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika iliyowakutanisha washambuliaji wanne ambao wote, kila mmoja kwa wakati wake, walikuja kukabidhiwa timu ya taifa? Ilichezwa Ouagadougou, Burkina Faso, tarehe 28 Februari 1998. Misri iliilaza Afrika Kusini 2-0, na mabao yote mawili yaliingia kabla ya robo saa ya kwanza kwisha.

Kwenye benchi la Misri alikaa Mahmoud El-Gohary. Mwaka 1959, akiwa kijana, ndiye aliyeibuka mfungaji bora wa mashindano hayohayo kwa mabao 3, na Misri ikatwaa kombe. Ushindi wa Ouagadougou ulimfanya kuwa mtu wa kwanza kulitwaa kombe hilo kama mchezaji na tena kama kocha. Benchi la pili lilikuwa la Jomo Sono, mshambuliaji aliyewahi kuvaa jezi ya New York Cosmos pamoja na Pelé. Uwanjani walikuwamo vinara wawili wa mabao wa mashindano, waliofungana kwa mabao 7 kila mmoja. Mmoja alikuwa Hossam Hassan wa Misri. Mwingine alikuwa kijana wa miaka 20 kutoka mitaa ya Cape Town, Benni McCarthy.

Hossam Hassan alikabidhiwa timu ya taifa ya Misri Februari 2024. McCarthy alitambulishwa kuwa kocha wa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, Machi 2025. Hivyo, Mkenya wa kaunti ya Kajiado anayeishangilia Stars anashangilia timu iliyopewa mtu ambaye, miaka 27 kabla ya kukabidhiwa, alitoka uwanjani Ouagadougou na medali ya mshindi wa pili.

Je, wajua kuwa katika mashindano hayo McCarthy alifunga mabao manne dhidi ya Namibia ndani ya dakika 13? La kwanza lilikuja dakika ya 8, la nne dakika ya 21. Mechi iliisha 4-1. Miezi michache baadaye, kwenye Kombe la Dunia kule Ufaransa, ndiye aliyefunga bao la kwanza kabisa la Afrika Kusini katika historia ya kombe hilo, dhidi ya Denmark. Mwaka 2004 alikuwa bingwa wa Ulaya na Porto, na katika safari ile aliitandika Manchester United mabao mawili katika mechi moja.

Mtu mwenye sifa kama hizo akitundika daluga, watu hudhani timu itamfuata nyumbani. Haikuwa hivyo. McCarthy alianzia chini ya makocha wengine, huko Sint-Truiden ya Ubelgiji, klabu ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia. Akasoma leseni hadi ya juu kabisa ya Ulaya, ile ya Pro. Mwaka 2017 akapewa Cape Town City, na mwaka uliofuata akatwaa nayo kombe la MTN8. Halafu akaenda AmaZulu ya Durban, timu iliyokuwa imezoea kupigania isishuke daraja, akaifikisha nafasi ya pili msimu wa 2020/21 na kuipeleka Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza. Humo ikawatoa TP Mazembe wa Lubumbashi. Anayeijua Mazembe anajua uzito wa jambo hilo.

Hatua iliyofuata ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 2022 Manchester United, timu ileile aliyoitandika, ilimwita akawafundishe washambuliaji wake. Hakuitwa kuwa kocha mkuu. Mtu aliyekwisha kuongoza klabu mbili alikubali kurudi nyuma ya mwingine, asimame pembeni ya goli la mazoezi kila asubuhi na kazi moja tu: kumwonyesha mshambuliaji wapi pa kusimama kabla mpira haujafika. Msimu wake wa kwanza hapo, Marcus Rashford alimaliza na mabao 30 katika mashindano yote. Sisemi mabao yale yalikuwa ya McCarthy. Nasema alikuwapo, na kazi yake ilikuwa hiyo.

Kazi yenyewe si kupiga mpira kwa nguvu. Mshambuliaji mzuri hulitazama bega la beki. Beki akigeuza uso kuufuata mpira, kwa ile nukta moja hamwoni mtu aliye nyuma yake, na hapo ndipo namba tisa anapochomoka. Hatua mbili za kwenda kwenye mpira, kisha tatu za kuukimbia, beki anabaki katikati hajui afuate lipi. Mchezaji aliyejaliwa hufanya hivyo bila kuwaza, na ndiyo sababu wengi wao hushindwa kufundisha: hawajawahi kujiuliza wanafanyaje. Anayeweza kulivunja jambo hilo vipandevipande, akampa kijana wa miaka 19 kipande kimoja leo na kingine kesho, huyo ni adimu.

Je, wajua kuwa timu ya McCarthy, mpachika mabao huyu, ilipata sifa kwa kuzuia? Kwenye CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, Harambee Stars ilipangwa kundi moja na DR Congo, Angola, Morocco na Zambia. Congo na Morocco ziliwahi kulitwaa kombe hilo mara mbili kila moja. Hakuna aliyetupa nafasi. Kenya ikaifunga Congo 1-0, ikatoka 1-1 na Angola, ikaifunga Morocco 1-0, ikaifunga Zambia 1-0. Mabao manne ya kufunga, moja la kufungwa, pointi 10, kileleni mwa kundi.

Mechi ya Morocco inastahili kusimuliwa. Ryan Ogam, mshambuliaji wa Tusker, alifunga dakika ya 42. Kabla ya mapumziko, Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu baada ya mwamuzi kwenda kutazama picha za video. Kipindi kizima cha pili Kenya ilicheza watu kumi. Mechi iliyotangulia, dhidi ya Angola, ilikuwa vivyo hivyo: kadi nyekundu mapema, watu kumi, na bado bao la pili halikuingia. Katika mechi kama hizo mshambuliaji aliye pekee mbele hurudi hadi katikati ya uwanja kumbughudhi kiungo wa wapinzani, huchomoka na kila mpira mrefu ili mabeki wake wapumue, kisha hurudi tena. Namba tisa asiyejua kukaba hawezi kuicheza mechi ya namna hiyo. Ogam alifunga tena dhidi ya Zambia, na baada ya mashindano akauzwa Wolfsberger ya Austria.

Je, wajua kuwa tarehe 22 Agosti 2025 watu wa Illasit walilia mara mbili kwa siku moja? Kwa msomaji asiyepafahamu: Illasit iko Kajiado Kusini, chini ya Kilimanjaro, mwisho kabisa wa barabara inayotoka Emali kupitia Kimana na Loitokitok. Ukivuka mpaka uko Tarakea, Rombo, upande wa Tanzania. Mahindi, maharagwe, nyanya na vitunguu huvuka, ndoa huvuka, na mapenzi ya kandanda nayo huvuka. Unaweza kukuta Mkenya wa hapo anayeijua safu ya Simba au Yanga kuliko anavyoijua ya Gor Mahia, kwa kuwa redio za ng'ambo zinashika vizuri.

Siku hiyo, alasiri, Kenya ilikuwa robo fainali na Madagascar pale uwanja wa Kasarani, Nairobi. Alphonce Omija alitangulia kufunga mwanzoni mwa kipindi cha pili, Madagascar wakarudisha kwa penalti, na mikwaju ya matuta ikatuumiza 4-3. Usiku, jijini Dar es Salaam, Tanzania ikatolewa na Morocco 1-0. Mtu wa Kitengela aliweza kupanda matatu hadi Kasarani na kurudi kulala kwake. Mtu wa Illasit alibaki na runinga, akamfariji jirani yake wa Tarakea na jirani akamfariji yeye. Kesho yake Uganda nayo ikatolewa na Senegal, na wenyeji wote watatu wakawa nje katika hatua ileile moja.

Na kocha wa Tanzania usiku ule? Ni Mzanzibari, Hemed Suleiman, ambaye kwa miaka mingi wapenzi wa soka wamemwita kwa jina la utani: Morocco.

Je, wajua kuwa mabao matatu ya mshambuliaji mmoja katika mechi ya watani wa jadi yalimfuata hadi kwenye benchi? Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, kipigo ambacho upande mmoja wa Dar es Salaam hauchoki kukitaja na upande wa pili hauchoki kuinamisha kichwa. Abdallah Kibadeni, ambaye mashabiki walimwita King, alifunga matatu kati ya hayo sita. Miaka mitatu kabla ya hapo, 1974, alikuwamo katika kikosi cha Simba kilichofika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti.

Akageuka kocha. Mwaka 1993 akaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Wakaenda Abidjan wakatoka 0-0 na Stella, matokeo ambayo kila shabiki aliyaona kama kombe lililokwisha kuwekwa kabatini. Kwenye marudiano Dar es Salaam, Stella wakashinda 2-0. Simba haikugusa tena fainali ya Afrika hadi Mei 2025, ilipokutana na RS Berkane ya Morocco kwenye Kombe la Shirikisho, na hapo pia ikalikosa kombe. Miaka 32 imepita katikati. Kwa maoni yangu, kazi ya Kibadeni ya 1993 ni kubwa kuliko mabao yake ya 1977, ingawa najua nyimbo na utani vitaendelea kuyataja mabao. Yeye mwenyewe hakukoma hapo; alifungua kituo chake cha kulea vijana na kuendelea kufundisha klabu za ligi akiwa mtu mzima.

Je, wajua kuwa kabla ya 1993 sheria za soka hazikumruhusu kocha kusimama pembeni ya uwanja akitoa maelekezo? Eneo lile lenye mistari ya vidoti mbele ya benchi, ambamo leo tunawaona makocha wakirukaruka na kutupa chupa za maji, liliingia kwenye sheria mwaka huo. Kocha wa zamani alimaliza kusema yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Je, wajua kuwa jina kubwa halimwingizi mtu kwenye benchi la mashindano ya Afrika asipokuwa na karatasi? Msimu wa 2021/22 Simba ilikuwa na kocha Mfaransa, Didier Gomes, aliyeipa ubingwa wa Tanzania. Leseni yake haikukidhi kanuni za CAF, ikabidi klabu imlete Thierry Hitimana ili jina lake liandikwe kama kocha kwenye mechi za Ligi ya Mabingwa.

Mwaka uliofuata ikaonekana faida ya kuwa nayo. Septemba 2022 Simba ilibaki ghafla bila kocha, mechi za Afrika zikiwa mlangoni. Ilimgeukia Juma Mgunda wa Tanga, mshambuliaji wa zamani wa Coastal Union, aliyekuwamo kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988. Mgunda alikuwa ameifundisha Coastal ileile kwa miaka, bila makeke, na mfukoni alikuwa na leseni A ya CAF. Akaipitisha Simba mbele ya Nyasa Big Bullets ya Malawi, kisha mbele ya Primeiro de Agosto ya Angola, akiwashinda nyumbani na ugenini, na kuiingiza hatua ya makundi. Wako wachezaji wenzake wa enzi zile waliokuwa na majina makubwa kuliko lake. Simu iliita kwake kwa sababu alikuwa tayari amekaa darasani.

Ngazi za CAF huanza na leseni ya D, kisha C, B, A na mwisho Pro. Mabao peke yake si cheti.

Je, wajua kuwa baadhi ya makocha wa Kenya waliovuma walitoka upande wa pili wa uwanja, golini? James Siang'a alikuwa kipa wa Gor Mahia na wa Harambee Stars iliyocheza Kombe la Mataifa ya Afrika 1972. Baadaye, akiwa kocha wa Simba, aliwavua ubingwa wa Afrika Zamalek wa Misri mwaka 2003. Jacob Mulee, maarufu Ghost, naye alikuwa kipa. Ndiye aliyeipeleka Kenya Tunisia 2004, ambako iliifunga Burkina Faso 3-0 na kupata ushindi wake wa kwanza kabisa kwenye mashindano hayo. Nina dhana yangu. Kipa hukaa dakika 90 akiwatazama watu 21 mbele yake, akipanga mabeki kwa sauti. Mshambuliaji hucheza muda mwingi akiwa amewapa mgongo wapinzani, akingoja nafasi yake moja. Mmoja amezoea kuiona mechi nzima tangu ujanani. Mwingine lazima ajifunze kuiona upya akiwa na umri wa miaka 35 au 40.

Hata duniani hali inafanana. Waliotwaa Kombe la Dunia kama wachezaji na tena kama makocha ni watatu tu: Mário Zagallo wa Brazil, Franz Beckenbauer wa Ujerumani na Didier Deschamps wa Ufaransa. Zagallo alikuwa winga, Beckenbauer beki, Deschamps kiungo. Namba tisa halisi hayumo. Lakini ukishuka kwenye klabu, wamo, tena vigogo. Alex Ferguson alifunga mabao 31 ya ligi akiwa Dunfermline msimu wa 1965/66, akawa mfungaji bora wa Scotland pamoja na mwenzake wa Celtic, na alipoanza ukocha mwaka 1974 alianzia East Stirlingshire, timu ndogo isiyo na kitu. Jupp Heynckes alifunga mabao 220 kwenye Bundesliga, kisha akatwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya na klabu mbili tofauti, Real Madrid mwaka 1998 na Bayern mwaka 2013.

Je, wajua kuwa uwanja wa Lugogo jijini Kampala unaitwa kwa jina la mshambuliaji aliyekuwa kocha? Phillip Omondi aliifikisha Uganda fainali ya Afrika mwaka 1978, akiwa miongoni mwa wafungaji bora kwa mabao 3. Baada ya kucheza aliifundisha KCC, klabu aliyoichezea. Alifariki mwaka 1999.

Je, wajua kuwa kule Tanzania kuna mwanamke aliyepewa jina la winga wa kiume kwa jinsi alivyosakata kabumbu? Esther Chabruma wa timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, aliitwa Lunyamila, kwa jina la Edibily Lunyamila, aliyewatesa mabeki wa kulia wa nchi nzima. Chabruma akaenda ukocha, na mwaka 2023 JKT Queens yake iliiwakilisha kanda yetu kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake nchini Ivory Coast.

Je, wajua kuwa mshambuliaji wa Kenya aliwahi kufunga mabao manane kwenye mechi moja ya ligi? Michael Olunga, tarehe 24 Novemba 2019, Kashiwa Reysol 13, Kyoto Sanga 1, huko Japani. Mwaka uliofuata akafunga 28 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi kuu ya Japani. Huyu alisomea uhandisi Nairobi huku akicheza, kwa hiyo darasa si jambo geni kwake. Siku atakayotundika daluga ningefurahi kumwona akianza na leseni ya D kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Na Illasit je? Straika wa timu ya mtaa anayekaribia miaka 30, goti likianza kumsumbua, hahitaji kungoja aitwe na klabu kubwa. Kozi za leseni ya D hupitia shirikisho la soka, FKF, na matawi yake ya kaunti. La Kajiado limo. Akiulizia mapema atajua kozi inayofuata itafanyika lini, kama ni Kajiado mjini, Kitengela au Nairobi, na ada yake. Gharama si ndogo kwa mtu anayetegemea shamba la nyanya au bodaboda, na safari ya kutoka mpakani hadi Kitengela ni ndefu. Hapo ndipo timu na wazazi wa watoto anaowafundisha wanapoweza kuchanga. Kijiji huchangia harusi na matanga. Kuchangia cheti cha kocha wa watoto wake kunaingia hapohapo.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Illasit itakuwa katikati ya nchi mbili zinazoandaa, bila kiwanja cha mashindano hata kimoja karibu. Wavulana na wasichana wa hapo watatoka kwenye runinga wakitaka kucheza kesho yake asubuhi, na watahitaji mtu mzima anayejua kuwaambia beki ameangalia wapi.